Kitovu Chini ya Mndimu

Kwetu Muheza mndimu ulikuwa mti usioombewa dua. Michungwa tuliiombea mvua, na minazi pia, lakini mndimu uliota wenyewe nyuma ya jiko, ukamwagiwa maji ya vyombo, ukazaa. Baba yangu alikuwa mbebeshaji wa miche ya michungwa, na mimi nilikishika kisu chake cha kubebeshea kabla sijajua kusoma vizuri. Alinifunza kuchagua jicho la mti lililo hai, kulichanja pamoja na gome lake, na kulivika kwenye shina la mti mwingine mpaka miti miwili iwe mmoja. Baridi hakunifunza. Hakuijua.

Mimi baridi niliijulia Johannesburg, uzeeni, kwenye nyumba moja ya zamani ya Bellevue iliyogawanywa vyumba. Tulipanga viwili vya nyuma, mimi, mke wangu na binti yetu, mlango ukitazama kiwanja kidogo chenye ukuta wa matofali. Baridi ya huku haiji na mawingu. Inakuja na anga safi kabisa, la buluu, na usiku usio na upepo. Asubuhi unafungua mlango ukakuta nyasi zimekuwa nyeupe kama zimenyunyiziwa chumvi. Jua likitoka nyasi hurudi rangi yake, lakini kilichokufa kimeshakufa.

Nilipanda mbegu za ndimu zilizokuja ndani ya chupa ya achari kutoka Tanga. Hapana, achari yenyewe ilikuwa imepikwa. Mbegu zilikuja na ndimu mbichi chache, zimefungwa na mke wa rafiki yangu kando ya ile chupa, naye hakujua kwamba alikuwa akinipa kazi ya miaka. Miche iliota, ikafika gotini, baridi ikaichukua. Nikapanda tena, ikachukua tena. Mlimao niliouegemeza ukutani uliishi. Mchenza uliishi pia. Matunda yake wenyeji huyaita nachi. Mndimu haukuishi. Mwishowe muuza miche mmoja kule Jeppestown alinionyesha mti wa jamii ya michungwa nisioujua, majani yake matatumatatu kwenye kikonyo kimoja, miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia. Tunda lake ni chungu, halifai kitu. Lakini baridi ikija, mti ule hupukutisha majani yote na kulala, na theluji yenyewe haiuui. Ukiuvika jicho la mti mwingine, ule wa juu nao hujifunza kidogo kulala.

Basi niliotesha mwiba ule karibu na ukuta unaopigwa jua, nikachukua jicho kwenye mche wa ndimu niliokuwa nao kwenye ndoo, nikaubebesha. Ulikubali. Mwaka huohuo alizaliwa mjukuu wetu.

Baba yake, kijana wa kwetu, alikwenda Cape Town kutafuta kazi, na simu zake zikapungua kidogokidogo mpaka zikaisha. Mtoto akawa wa nyumba ile. Kitovu chake kilipodondoka, mke wangu alikifunga katika kitambaa cheupe akakizika kwenye mizizi ya mche wangu. Sikumkataza. Nimefundisha dini maisha yangu yote, na hata pale Bellevue watoto wa Kitanzania na wa Kirundi walikuja chumbani kwetu kusoma msahafu; nilijua kwamba kusitiri sehemu ya mwili wa binadamu ardhini hakuna ubaya. Kwao mke wangu, mtu akitaka kujua asili yako, huuliza kitovu chako kimezikwa wapi. Mke wangu alitaka mtoto yule awe na jibu, na pale ugenini hatukuwa na ardhi nyingine.

Kabla hajaanza kutembea, vidole vyake vilivimba na akalia siku nzima. Hospitali wakampima damu, wakatuambia ni selimundu. Chembe za damu zinajipinda kama mundu, zinanasa kwenye mishipa, na kila zinaponasa ni maumivu. Daktari alisema mambo machache: anywe maji mengi, homa isingojewe, na zaidi ya yote asipigwe na baridi. Binti yangu alimtazama daktari, akatazama dirishani. Ilikuwa mwezi wa sita.

Tangu hapo mtoto na mti walikwenda sambamba. Majira ya baridi majani ya mndimu yalijikunja na mtoto akalazwa. Mwezi wa tisa mti ulichipua na mtoto akarudi kucheza uani. Hilo lilitokea mwaka wa kwanza, likatokea wa pili, na mke wangu akawa ameshaamua.

"Kitovu kinavuta," alisema.

"Baridi ni moja," nilimjibu. "Inampiga huyu na inaupiga ule. Wenyewe hawajuani."

"Wewe, Maalim, unajua vitabu. Mimi nimeishi na wanawake waliozaa."

Nilimwambia kuwa mti hauna mkono katika uhai wa mtu, na kwamba kudhani hivyo kunakaribia kumshirikisha Mwenyezi Mungu. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaenda kuuvika mti magunia. Binti yetu, aliyekuwa akishona nguo kwenye karakana moja huko Jeppestown na kurudi na uzi kwenye nywele, alivua viatu akasema, "Baba, mama, mimi sina nguvu ya kugombania mti. Mimi nataka hita."

Na kwa kweli mimi mwenyewe niliutunza mti ule kuliko wote. Kabla ya baridi kali niliumwagilia, kwa sababu udongo uliolowa hushika joto. Nilipandisha udongo kuzunguka shina mpaka ukafunika pale ulipobebeshwa, ili hata matawi yakifa, macho yaliyofukiwa yabaki hai. Nilifanya hivyo kwa ajili ya ndimu. Mke wangu aliponiona nimepiga magoti pale, alidhani nimekubaliana naye kimyakimya, na sikupata njia ya kumwonyesha kuwa sivyo, kwa maana mikono yetu ilikuwa ikifanya kazi ileile.

Mtoto alikua. Alikuwa mwembamba, macho yake ya manjano kidogo, mdomo hauchoki. Kiswahili alikisikia chote lakini alikijibu kwa vipande, akichanganya na Kizulu cha shuleni na Kiingereza. Kila asubuhi alifuta mvuke kwenye kioo cha dirisha akaniuliza, "Babu, mti wangu uko sharp?"

"Uko sharp."

"Na mimi?"

"Wewe muulize Mola wako."

"Eish, Babu. Jibu moja tu nataka."

Nililichukulia kama mzaha. Majirani nao walifanya mzaha. Mama mmoja wa Kikongo aliyekaa vyumba vya mbele alikuwa akianika nguo uani na mara nyingi kanga zilinasa kwenye miiba ya chini. "Papa, hii muti yako iko na hasira sana," aliniambia. "Ni muti ao ni askari?" Mtoto akacheka mpaka akashika kifua.

Kisha ikaja ile baridi iliyoua. Wenyeji wenyewe waliisema. Mifereji iliganda, na kwa sababu umeme ulikuwa ukikatwa kwa zamu, tulilala sote chumba kimoja tukiwa na jiko la mafuta ya taa katikati na dirisha wazi kidogo tusije tukafa kwa moshi. Asubuhi niliposwali nikatoka, nikakuta magunia yamekakamaa kama mbao. Niliyavua. Majani ya mndimu yalikuwa yamepikwa, rangi ya chai, na gome la matawi limepasuka urefu wake.

Sikujua kwamba mtoto alikuwa dirishani. Nilipogeuka nilimwona, kiganja kwenye kioo, na hakuniuliza kama kawaida. Aliuliza jingine, mchana, nilipokuwa nikimsugua miguu kwa mafuta ya nazi.

"Babu, mti ukifa, na mimi?"

"Nani kakwambia hivyo?"

"Bibi hakuniambia. Bibi anaongea na Mama, mimi nasikia."

Nilimwambia yote niliyoyajua. Nilimwambia kwamba siku ya kufa ya kila mmoja iko kwa Mungu peke yake, kwamba mti ni kiumbe kama yeye, nao unakufa kwa amri hiyohiyo. Aliitikia kwa kichwa kama wanafunzi wangu wanavyoitikia wanapotaka somo liishe. Usiku ule hakula. Wiki zilizofuata aliyahesabu majani yaliyobaki kila siku, na kila jani lilipoanguka alizidi kujikunja kitandani, bila maumivu yoyote, akingoja. Nimewaona watu wazima wakiogopa kifo. Mtoto wa miaka minane akikingoja kifo kutoka kwenye mti wa ndimu, hilo sikuwa nimeliona, na nilijua limetoka ndani ya nyumba yangu.

Mti ulioungua na baridi haukatwi upesi. Unangojwa mpaka majira yageuke, uonekane wenyewe umekufa mpaka wapi. Nilingoja. Mwisho wa mwezi wa nane niliondoa udongo niliopandisha, taratibu, kwa vidole. Juu kote kulikuwa kumekauka. Lakini pale ulipobebeshwa, upande wa ukuta, kulikuwa na jicho moja la ndimu, la kijani, dogo kama punje ya mtama. Na chini yake, kutoka kwenye shina lenyewe, mwiba ulikuwa umeshatoa machipukizi marefu, yamenyooka, majani matatumatatu, yamejaa nguvu.

Mke wangu alipoyaona alipiga kigelegele uani. Alimbeba mtoto na blanketi lake akamleta. "Tazama! Tazama mti wako ulivyorudi!"

Mtoto alitazama. Rangi ilimrudia usoni. Usiku ule alikula.

Mimi niliona kingine. Machipukizi yale ya shina ndiyo yanayouua mti uliobebeshwa. Yananyonya kila kitu. Ukiyaacha mwezi mmoja, jicho la juu linakauka na unabaki na mwiba wa tunda chungu. Kila mtoto wa Muheza anajua kuyakata. Nilimwambia mke wangu.

"Hayo machipukizi yanatoka wapi?" aliniuliza.

"Kwenye shina la chini."

"Na kitovu kiko wapi?"

"Kwenye mizizi."

"Basi hayo ndiyo ya mtoto. Hiyo ndimu yako ndiyo mgeni."

"Mama, mwiba huo hauzai kitu cha kuliwa."

"Sikuomba uzae," alisema. "Naomba aishi."

Nami niliomba hilohilo, mara tano kwa siku. Nikayaacha machipukizi. Ndimu zinauzwa madukani, hata kama si ndogo zenye ukali kama zetu. Sikutaka kumliza mke wangu kwa ajili ya kachumbari. Lingekuwa jambo la mti peke yake ningeliacha liende.

Lakini mtoto alikuwa amehamisha hofu yake. Sasa alilinda machipukizi. Hakutaka mtu apite karibu. Alimfokea yule mama wa Kikongo kwa ajili ya kamba yake ya nguo, akamtukana kwa Kizulu, na tulipomtaka radhi mama wa watu alisema tu, "Huyu mutoto iko naogopa kitu. Mumuangalie." Jumamosi moja, wanafunzi walipokwisha kuondoka, nilitoa kisu nikawa nakinoa kwa ajili ya mlimao. Mtoto aliuona mkono wangu akaja mbio, akanishika kanzu.

"Usikate, Babu. Nitatoka damu."

Hapo nikajua kwamba hofu ile haitaondoka kwa maneno, na kwamba nikiiacha itakua naye. Nilimketisha. Nikamwambia kuwa Mungu hakuiweka roho yake mahali ambapo kisu cha babu kinaweza kufika. "Twende tukaone," nilisema. "Ukisema acha, nitaacha."

Mke wangu alikuwa mlangoni, ungo wa mchele mkononi. "Ukikata, kata mwenyewe," alisema. "Mimi simo." Akaingia ndani, akatupa mgongo.

Nilichagua chipukizi dogo kuliko yote. Mtoto alijishika mkono wake wa kushoto kwa wa kulia, akafumba macho. Nilikata. Likaanguka.

"Umesikia nini?"

Alifumbua jicho moja. Akajitazama mikono, akafunua gauni akatazama magoti. "Hakuna," alisema. "Babu, hakuna!" Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa, "Siku zote hizi!"

La pili alitaka kukata mwenyewe. Nilimshika mkono, kisu kati ya mikono yetu, nikamwonyesha kukata karibu na gome bila kulijeruhi, kama nilivyoonyeshwa. La tatu alikata bila mimi. Aliyakusanya akayarusha nje ya ukuta kwa kelele, na yule jirani akatoa kichwa dirishani.

"Mama, nimekata na sina damu!" mtoto alimpigia ukelele.

"Weye uko na damu mingi ya ujinga!" alijibu, naye akacheka.

Nilimsikia mke wangu ndani akipepeta mchele ule ule, kwa muda mrefu kuliko mchele unavyohitaji.

Mtoto hakuniuliza tena dirishani. Aliamka akaenda shule. Jicho la ndimu likavimba, likatoa majani mawili. Wiki hizo zilikuwa nzuri, na nilimshukuru Mungu kwa kila moja yake, nikijua kuwa zimehesabiwa kama vitu vyote.

Kisha baridi ilirudi. Huku hutokea hivyo, watu wameshaweka makoti kabatini na maua ya mipichi yamefunguka, upepo unatoka kusini na mvua yake, siku mbili au tatu. Iliwakuta watoto njiani kutoka shule. Alifika amelowa mpaka fulana. Mke wangu alimvua, akamkausha, akampa maji ya moto, tulifanya kila tulichofundishwa. Maumivu yalianzia miguuni, asubuhi yakahamia kifuani, na pumzi ikawa fupi. Binti yangu hakungoja gari la wagonjwa. Alisimamisha teksi barabarani, akamsihi dereva asisimame hata kwenye robot, zile taa za barabarani.

Hospitali walifanya bidii. Nalisema hilo kwa kuwa ni haki yao. Walimwekea oksijeni, wakamwongezea damu, muuguzi mmoja wa Kizulu alikuwa akimwimbia. Siku ya pili tuliruhusiwa kukaa naye kwa zamu. Mke wangu alimwinamia akamwambia, "Nakwenda kuutazama mti wako, mwanangu, nitauzungushia udongo."

Mtoto aliondoa kifuniko cha oksijeni mdomoni. "Bibi, niliukata mwenyewe," alisema. "Haikuuma." Muuguzi akamrudishia kifuniko.

Hayo hayakuwa maneno yake ya mwisho. Ya mwisho alimwomba mama yake maji, akapewa. Alifariki baada ya alasiri, jua likiwa kwenye vioo vya majengo ya Berea, mvua imekwisha.

Mke wangu na binti yangu walimwosha wenyewe. Mimi nilimswalisha. Nimewaswalisha wengi katika mji huu, watu waliokufa mbali na kwao, na sauti yangu haikuwahi kukatika. Haikukatika siku ile pia, na mpaka leo sijui kama hiyo ilikuwa subira au kitu kingine. Kaburini udongo ulikuwa mwekundu na mzito kwa mvua. Walipokuja watu wa matanga, niliwasikia wanawake wawili wa kwetu jikoni wakinong'ona juu ya kisu na machipukizi, na mmoja akasema, "Maalim mzima, asijue." Nilikaa pale nilipokaa. Ningeweza kuwafundisha, maana ninalijua somo lile la mti na uhai wa mtu vizuri kuliko masomo yote. Nilimimina kahawa.

Binti yangu alirudi kazini. Mke wangu aliacha kunisemesha isipokuwa kwa mambo ya lazima: chumvi imekwisha, mtu anagonga. Sikumlaumu. Yeye alikuwa na mahali pa kuweka msiba wake, na mimi ndiye niliyekuwa mahali hapo. Watu hudhani kushukuru ni kufurahi. Mimi nilishukuru kwa meno yaliyoumana. Nilishukuru kuwa mtoto yule hakwenda kwa Mola wake akiuogopa mti. Kisha nilijiuliza ikiwa wiki tatu au nne za kutokuogopa ni kitu kikubwa, na nikajijibu kuwa ndiyo, na kesho yake nikajiuliza tena.

Mndimu ulikua. Jicho lile lilitoa tawi, tawi likafika kiunoni, majani yake membamba yenye harufu ileile. Sikuupuuza wala sikuukumbatia. Niliukatia machipukizi ya chini kila yalipotokea, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Mke wangu alianikia nguo upande mwingine wa uwanja.

Asubuhi moja, majira ya joto yakielekea kwisha, nilikuwa nimeketi kizingitini nikichambua maharage. Alitoka akaketi kando yangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu matanga. Akachukua sehemu ya maharage akaweka kwenye upande wa kanga yake. Tulichambua.

"Siku ile niliwapa mgongo," alisema.

"Ndiyo."

"Nilisikia sauti tu. Nilimsikia akipiga kelele, nikajua anacheka." Alitupa kijiwe uani. "Uso wake ulikuwaje?"

Nilimweleza. Nilimweleza jinsi alivyofumba macho na kujishika mkono, na lile jicho moja lililofunguka kabla ya jingine. Nilimweleza alivyofunua gauni kutafuta damu magotini, na alivyokasirika kwa kudanganywa siku zote zile. Nilimweleza ulimi uliotoka pembeni ya mdomo alipokuwa akikata lile la tatu peke yake. Mke wangu hakulia. Alisikiliza akitazama maharage, vidole vimesimama.

Nilipomaliza, vidole vyake vilirudi kwenye maharage.

"Kabla ya hapo," alisema. "Ulipomketisha. Anzia pale, Maalim, wala usiruke kitu."

Nikaanza tena.